Hatua Tatu Mbele ya Kitambaa

Nilikinunua Chake, yadi nne, kijani cha jani changa la mgomba.
Muuzaji akaniuliza: pazia la harusi hilo, mwalimu?
Nikamwambia ni maabara.
Alicheka hata mkasi ukaenda upogo.

Skuli yetu ina mlango ulioandikwa MAABARA
na ndani yake viti vilivyovunjika miguu
na nyuki, tusiothubutu kuwaambia wahame.
Basi nikaazimia: watoto wa kidato cha pili
wataiona nyuma yangu, ndani ya simu za wazazi wao,
chupa kwa chupa, na moto wa buluu,
hata kama mimi nimesimama Limbani, chumbani kwa mama,
baina ya kabati na kitanda.

Video ya kwanza, niseme kweli, ilikuwa fedheha.
Kitambaa nilikitungika kwa misumari miwili,
kikabonyea katikati,
na kila kunjo likabaki hai:
mistari ya kijivu ikatambaa juu ya maabara yangu,
ungedhani nyumba inapasuka.
Kidevu changu kilikuwa kijani.
Ukingoni mwa ushungi, ukungu wa kijani,
kama mkate uliosahauliwa kabatini.

Shaame, mdogo wangu, anachomelea mageti.
Video haijui, ila mwanga anaujua,
maana ndio unaomla macho kila siku.
Akatazama, akasema: Dada, umekiegemea.
Ukikaa karibu na kitu kitakupaka rangi yake.
Njoo mbele. Moja. Mbili.
Ya tatu ilikuwa kitanda.

Tukakitoa kitanda uani.
Mama akakifuata, akakaa juu yake na sinia lake,
akaendelea kuchambua karafuu
kana kwamba vitanda huhama kila Jumamosi.

Shaame akaunga fremu ya mabomba.
Mimi nikakirashia kitambaa maji, nikakipiga pasi,
nikakikaza kwa vibanio vya nguo kumi na sita
mpaka kikalia kama ngoma nilipokigusa.
Taa mbili zikakimulika, moja kila upande,
tumezifunika chandarua cheupe zisiwe kali.
Mimi nikaachiwa dirisha,
kabla ya saa tatu, jua halijawa na ukorofi.
Simu nikaifunga isijirekebishe yenyewe;
ina tabia ya kunishtukia kila ninapopunga mkono.

Somo: maada haiumbwi wala haipotei.
Nilikuwa katikati ya sentensi hiyo, wallahi,
mama alipoingia na kikombe cha chai,
kajitanda kanga yake ya kijani.

Jioni tukaitazama pamoja.
Kichwa cha mama kinapita katikati ya maabara.
Chini ya kichwa, rafu za chupa.
Mikono miwili na kikombe, vinaelea,
na pale palipokuwa kifua chake
moto wa buluu unawaka bila kutikisika.
Ukingo safi. Hakuna ukungu, hakuna kunjo.
Shaame akapiga makofi.

Mama hakucheka.
Nimekwenda wapi?
Nikamwambia: umevaa rangi tuliyoiambia mashine isiione.
Akaishika kanga yake pindoni, akaigeuza, akaisoma.
Rangi hii, akasema, ndiyo niliyoingia nayo nyumba hii.
Kisha: na ukuta wa baba yako, wanauona?

Nyuma ya kitambaa kuna hesabu za marehemu,
pishi kwa pishi, kwa mkaa,
za msimu aliodhulumiwa na ule aliolipwa.
Nikasema hawauoni.
Akaitikia, mm, kama mtu aliyepewa chenji pungufu
na hana nguvu za kurudi dukani.

Tukuza imebaki uniti mbili.
Sijaifuta sehemu ile. Sijaituma pia.
Kesho asidi na besi.
Mama ameahidi kuvaa ya manjano,
na alipofika mlangoni akageuka akasema
hatavaa.